Kidole kimekwama? Usikivute, na kisu kisubiri

Saa mbaya ya ugonjwa huu ni alfajiri. Mtu anaamka, anataka kushika mswaki, anakuta kidole cha pete kimejikunja kuelekea kiganjani na hakitaki kunyooka. Anajaribu kukinyoosha, wapi. Anakishika kwa mkono wa pili na kukivuta. Kinafyatuka ghafla, kinatoa mlio mdogo, na maumivu yanachoma pale kidole kinapoanzia. Ikifika saa nne, mkono umeshapata joto la kazi, kidole kinakunjuka vizuri na mwenyewe anasahau. Kesho yake hali ni ileile.

Makadirio yanayotumiwa na madaktari ni kwamba watu wawili hadi watatu katika kila 100 hupatwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Kwa wenye kisukari, idadi hufika 10 katika kila 100. Huwakuta zaidi wanawake, hasa wa kati ya miaka 40 na 60, na vidole vinavyoongoza ni gumba na cha pete. Haliui. Lakini fundi cherehani anayeshindwa kuachia mkasi, mama lishe anayeponyokwa na sufuria na dereva wa bodaboda ambaye kidole chake kinagoma juu ya klachi hawahitaji kuelezwa kwamba hilo ni tatizo.

Wengi hujikuta wamebanwa na mambo mawili. Upande mmoja yupo jirani anayesema kidole kimeteguka, kichuliwe kwa mafuta ya moto na kuvutwa mpaka kirudi mahali pake. Upande wa pili ipo hofu ya kuchanwa mkono, inayomfanya mtu akae na maumivu yake nyumbani mwaka mzima. Katikati ya hayo zipo tiba zisizohitaji kisu. Zina mpangilio wake, zimepimwa kwa miaka mingi, na wagonjwa wengi wanaozianza mapema hawafiki chumba cha upasuaji.

Kinachokwama ni nini?

Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni. Imelala kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kiganjani. Kila kano inasafiri ndani ya ala laini, na juu ya ala hiyo kuna vipete vigumu vinavyoishikilia kano karibu na mfupa ili isiinuke mtu anapokunja ngumi. Kipete cha kwanza kiko kiganjani, kwenye shina la kidole. Ndicho kinachobeba msuguano mkubwa kila mtu anaposhika kitu kwa nguvu.

Kipete hicho kikinenepa, na kano nayo ikiota kinundu, yanayotokea ni yale ya uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano. Misuli ya kukunja ina nguvu, hivyo hukipitisha kinundu upande wa pili. Misuli ya kunyoosha ni dhaifu kuliko hiyo; inashindwa kukirudisha, na kidole kinabaki kimejikunja. Daktari Mfaransa Alphonse Notta ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1850, na hadi leo kinundu hicho huitwa kwa jina lake katika vitabu vya tiba.

Kwa hiyo kidole hakijateguka. Hakuna mfupa uliotoka mahali pake, na hakuna cha kurudisha kwa kuvuta. Kila anayekivuta anakisugua kinundu dhidi ya kipete kilichokwisha kuvimba, na uvimbe unaongezeka.

Utambuzi wake ni rahisi, na mara nyingi hauhitaji hata picha ya eksirei. Daktari anaweka ncha ya kidole chake kwenye mstari wa juu wa kiganja cha mgonjwa. "Mama, kunja ngumi. Haya, sasa fungua taratibu." Kinundu kinapita chini ya kidole chake kikitembea, na mgonjwa anaruka kwa maumivu. Baada ya hapo kinachotafutwa ni ngazi ya tatizo. Ngazi ya kwanza kuna maumivu na ugumu tu. Ya pili kidole kinanasa lakini kinajifungua chenyewe. Ya tatu kinahitaji msaada wa mkono wa pili. Ya nne kimefunga kabisa, hakifunguki hata kikisaidiwa. Tiba inategemea uko ngazi gani na umekaa hapo muda gani.

Anza na kipimo cha sukari

Kabla ya kuzungumzia dawa, kuna kipimo kimoja ambacho mtu mzima yeyote mwenye kidole kinachokwama anapaswa kukifanya: sukari ya damu. Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu hujishikiza kwenye protini zinazounda kano na vipete vyake, zikawa nene na ngumu. Ndiyo maana mwenye kisukari huweza kukwama vidole viwili au vitatu, pengine mikono yote miwili.

Utafiti wa kitaifa wa STEPS uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta kuwa karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Wengi wa namna hiyo hutembea nacho bila kujua. Kidole kinachogoma asubuhi kinaweza kuwa ndicho kinachowapeleka kupima kwa mara ya kwanza, na hiyo ni faida kubwa kuliko kidole chenyewe.

Mambo mengine ya kumwambia daktari ni kama una baridi yabisi, jongo, au tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango. Mweleze pia kama usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, maana mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono huandamana mara nyingi na tatizo hili, na tiba za matatizo hayo mawili zinaweza kupangwa pamoja.

Pumzisha mkono kwa akili

Tafiti haziafikiani kama kazi ya mikono peke yake huleta ugonjwa. Lakini kushika kitu kwa nguvu, kwa muda mrefu au kwa kurudiarudia kunaongeza maumivu, na hilo kila mgonjwa analijua. Ushauri wa "pumzisha mkono" hauna maana kwa mtu anayekula kwa mkono huo, kwa hiyo cha kufanya ni kupunguza mbano.

Mpini mwembamba unabana vidole kuliko mpini mnene. Mwiko, jembe, pasi au bisibisi inaweza kuviringishwa kitambaa au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili mkono usifunge ngumi kamili. Nguo nzito zisikamuliwe kwa kupindwa. Zibinywe kwa viganja au zitundikwe zichuruzike. Mifuko ya sokoni isininginizwe kwenye vidole; ibebwe begani au kwenye kapu lenye mkono mpana. Fundi cherehani akate kwa awamu fupi, na mkasi uwe umenolewa, kwa sababu mkasi butu unadai nguvu mara mbili.

Kila asubuhi, tumbukiza mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano, kisha utembeze kano polepole: vidole vyote vimenyooka, halafu pingili za juu tu zikunjwe, mashina yakiwa yamenyooka, halafu mashina yakunjwe, pingili zikiwa zimenyooka, mwisho ngumi nyepesi isiyobana. Mara chache zinatosha. Kidole kikianza kunasa, simama hapo, usikilazimishe. Mwenye kisukari amwombe mtu mwingine apime joto la maji, kwa sababu mkono uliopungua hisia unaweza kuungua bila mwenyewe kujua.

Vidonge kama ibuprofen na diclofenac, au diclofenac ya kupaka, hupunguza maumivu. Havikiondoi kinundu wala havikipanui kipete. Kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au figo zilizoanza kudhoofika, kumeza vidonge hivyo kwa wiki kadhaa bila daktari ni kununua ugonjwa mpya. Tumia kwa siku chache maumivu yanapozidi, siyo kama tiba yenyewe.

Gango: tiba ya bei nafuu inayosahaulika

Hatua ambayo wengi hawaambiwi ni gango, yaani kifaa kidogo cha plastiki au bati jepesi kinachozuia kidole kisijikunje. Kazi yake ni kuiacha kano ipumzike bila kusuguana na kipete, uvimbe upungue wenyewe. Mtindo unaotumiwa sana hushika kiungo cha shina la kidole, pale kinapokutana na kiganja, kikiwa kimenyooka au kimekunjwa kidogo tu, na kuziacha pingili za juu zikicheza. Kuna mtindo mwingine unaoshika kiungo cha kati na kuvaliwa usiku, kwa sababu usingizini watu wengi hukunja ngumi bila kujua.

Sharti lake ni subira. Gango huvaliwa wiki sita hadi kumi, siyo siku tatu. Watafiti wawili wa Marekani, Patel na Bassini, walichapisha mwaka 1992 matokeo ya kulinganisha gango na sindano. Gango lilifaulu kwa asilimia 66 na sindano kwa asilimia 84. Kwa kidole gumba, gango lilifaulu kwa nusu tu ya wagonjwa, sindano kwa asilimia 92. Waliotibiwa kwa gango bila mafanikio walikuwa hasa wale waliokaa na ugonjwa kwa zaidi ya miezi sita, wenye vidole vingi vilivyokwama au wenye hali mbaya tangu mwanzo.

Somo la takwimu hizo liko wazi. Anayeanza mapema, mwenye kidole kimoja kisicho gumba, ana nafasi nzuri ya kupona bila kuchomwa hata sindano. Anayengoja mwaka mzima anaipoteza nafasi hiyo.

Magango hutengenezwa kwenye vitengo vya tiba kazi, fiziotherapia na viungo bandia katika hospitali kubwa. Huko Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa vifaa saidizi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Aliye mbali na huduma anaweza kuanza usiku kwa kijiti bapa cha aiskrimu kilichozungushiwa pamba, kikalazwa upande wa kiganja wa kidole na kufungwa plasta mbili zisizobana. Ncha ya kidole ikipoa, ikifa ganzi au ikibadilika rangi, plasta imekaza mno; fungua mara moja. Asubuhi toa, osha, kausha ngozi, kunja vidole polepole.

Sindano moja, mahali pake

Gango likishindwa, au hali ikiwa tayari ni ngazi ya tatu, au mgonjwa hawezi kukaa nalo kazini, hatua inayofuata ni sindano ya steroidi. Dawa za kundi hili zilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948 katika Mayo Clinic nchini Marekani, na kazi hiyo ikazaa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Mwaka 1953 mpasuaji Sterling Bunnell na wenzake walichapisha uzoefu wao wa kuzitumia kwa magonjwa ya mkono. Si tiba ya majaribio, basi.

Mgonjwa anakaa, mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu. Ngozi inasafishwa. Daktari anakipapasa kinundu, anachoma kwa sindano nyembamba karibu na mstari wa kiganja, kisha anasema: "Chezesha ncha ya kidole kidogo tu, baba." Sindano ikitikisika, ina maana ncha yake imeingia ndani ya kano, hivyo daktari anairudisha nyuma kidogo kabla ya kusukuma dawa, ambayo kwa kawaida haizidi mililita moja na huchanganywa na ya ganzi. Kazi nzima ni ya dakika chache.

Siku moja au mbili za mwanzo maumivu yanaweza kuzidi. Nafuu huja ndani ya siku kadhaa hadi wiki tatu au nne, kwa hiyo asiyeona mabadiliko siku ya tatu asikate tamaa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009, yaliyojumuisha tafiti mbili zenye watu 63, yalionyesha kwamba baada ya wiki nne steroidi iliyochanganywa na dawa ya ganzi ilisaidia kuliko dawa ya ganzi peke yake. Tatizo likirudi baada ya miezi, sindano ya pili inaweza kuchomwa. Zikizidi mbili au tatu kwenye kidole kimoja bila mafanikio ya kudumu, kuendelea kuchoma ni kupoteza muda na kuidhoofisha kano.

Mgonjwa anapaswa kujua madhara kabla hajakubali. Ngozi ya mahali palipochomwa inaweza kupauka, na kwa ngozi nyeusi doa hilo huonekana wazi. Mara nyingi rangi hurudi, lakini huchukua miezi. Mafuta ya chini ya ngozi yanaweza kusinyaa. Maambukizi na kukatika kwa kano hutokea kwa nadra sana. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda kwa siku kadhaa, hivyo apime mara kwa mara wiki hiyo na apange dozi zake pamoja na daktari. Sindano pia haimsaidii kwa kiwango kilekile: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulipata mafanikio ya asilimia 86 kwa wasio na kisukari, na asilimia 63 kwa wenye nacho.

Sindano hii si ile ya kuchomwa paja au tako kwenye duka la dawa. Nguvu yake inatokana na kuwekwa kwenye ala ya kidole, na mkono unaoichoma ni lazima uwe wa mtu aliyefundishwa anatomia ya kiganja. Ukiahidiwa sindano ya steroidi ya kidole dirishani mwa duka, ondoka.

Kwenye baadhi ya vituo vya fiziotherapia hutumika pia mashine za mawimbi ya mshtuko. Tafiti ndogo zilizopo zinaonyesha kuwa zinaleta nafuu kwa baadhi ya wagonjwa, na zinafaa kufikiriwa kwa anayeogopa sindano. Hazijapata uthibitisho mkubwa wa kuziweka mbele ya gango au steroidi, kwa hiyo asiyeweza kumudu gharama yake hajapitwa na kitu cha lazima.

Kidole gumba cha mtoto

Akina mama wengine hugundua mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hanyooshi ncha ya kidole gumba. Chini ya kidole kuna kinundu kidogo, na mtoto halii kikiguswa. Huu nao ni ukwamaji wa kano, lakini una njia yake. Mtoto hachomwi steroidi, wala kidole hakilazimishwi kunyooka.

Madaktari wa Seoul, Korea Kusini, waliwafuatilia watoto wa namna hii bila kuwatibu. Matokeo waliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba vidole 45 kati ya 71, sawa na asilimia 63, vilifunguka vyenyewe, ingawa ilichukua miaka. Mzazi ampeleke mtoto athibitishwe ni tatizo hilo na si jeraha, afundishwe kukinyoosha taratibu bila maumivu, kisha warudi kliniki kwa ratiba. Kisipofunguka, upasuaji mdogo baadaye hutoa matokeo mazuri, na kusubiri kwa uangalizi hakumharibii mtoto mkono.

Lini usisubiri

Zipo hali ambazo gango na maji ya uvuguvugu havina nafasi. Kidole kikivimba chote, kikibaki kimekunjwa kidogo, kikiuma kukinyoosha na maumivu yakafuata kano nzima kutoka ncha hadi kiganjani, huenda ala ya kano ina usaha. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hasa kama kuna homa au palikuwa na mchomo wa mwiba, mfupa wa samaki au sindano.

Kwa mwenye kisukari tahadhari ni kubwa zaidi, na Dar es Salaam ina historia yake katika hili. Mwaka 2002 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa kisukari wa jiji hilo waliopata maambukizi makali ya mkono kati ya 1998 na 2002. Mara nyingi mambo yalianza na jeraha dogo, mkwaruzo au kuumwa na mdudu. Waliochelewa kufika hospitali walikuwa katika hatari ya kupoteza vidole, mkono au maisha. Mwenye kisukari mwenye mkono uliovimba asichuliwe, asichanjwe, asipakwe dawa za moto. Apelekwe hospitali.

Upasuaji wenyewe hubaki kwa waliofika ngazi ya nne, au ambao sindano moja au mbili hazikuwasaidia. Hufanywa kwa ganzi ya mahali, kipete cha kwanza hukatwa ili kano ipite huru, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Matokeo yake ni mazuri, na anayeuhitaji asiukimbie. Asiyeuhitaji bado, naye asisukumwe.

Kwa anayesoma makala haya huku akikichezesha kidole chake, cha kufanya wiki hii ni mambo matatu: nenda ukapime sukari, mwambie kila mtu nyumbani asikivute tena kidole hicho, na anza gango usiku wa leo. Ukifika wiki ya sita bila nafuu, au kidole kikaanza kuhitaji mkono wa pili kila asubuhi, nenda kliniki ya mifupa uulize habari ya sindano. Usingoje mpaka kifunge kabisa, kwa maana hapo chaguo huwa limebaki moja.